Soli za Mjomba

Kwenye mlango wa kibanda cha fundi viatu palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki: GUNDI HAINA HARAKA. KAMA UNA HARAKA VAA NDALA. Herufi zilikuwa zimepinda, kwa sababu mwenyewe shule aliiacha darasa la tano, lakini ujumbe ulifika. Watu walisoma, wakacheka, wakaacha viatu vyao wakaenda zao. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyerudi kulalamika kwamba kiatu kimefunguka. Fundi alijivunia jambo hilo kuliko jambo lingine lolote, na alikuwa na haki.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha bati, kimeegemezwa kwenye ukuta wa posta, na upana wake ni mtu kunyoosha mikono akagusa huku na huku. Ndani mlikuwa na kigoda, mguu wa chuma wa kugongea, makopo ya gundi, uzi mweusi wa nailoni, na gunia lililoning'inia kwenye msumari. Gunia hilo tutalirudia.

Jumatatu jioni binti yake alifika ameshika raba mkononi. Alikuwa mtoto wa mwisho, nyuma ya kaka wawili waliokwisha kuoa na kuhamia mbali, na nyumbani kila mtu alimwita Kitinda, ingawa alikuwa na miaka ishirini na minne na urefu wa kuchungulia juu ya ukuta wa jirani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Zimefanya nini?"

"Zimefungua mdomo. Hii ya kushoto inacheka kabisa."

Fundi alizigeuza. Zilikuwa raba za mtumba, zilikwisha kukimbia na mtu mwingine kabla hazijafika mikononi mwa Kitinda, na kwa mwaka mmoja Kitinda alikuwa amemaliza kilichobaki. Soli ilikuwa imeachia mbele, na sifongo ya ndani ilimong'onyoka kama mkate wa juzi.

"Mbio ni lini?"

"Alhamisi. Saa moja asubuhi tuwe uwanjani."

"Weka hapo."

Kitinda aliweka. Alisimama kidogo akingoja neno jingine, lakini neno jingine halikuja. Akaaga, akaondoka.

Binti huyu alitaka kuingia jeshini. Mwaka uliopita alikwenda, na kila kitu kilikuwa sawa: vyeti, urefu, meno, macho, mapigo ya moyo. Kilichobaki kilikuwa mbio, mizunguko kumi na miwili na nusu ya uwanja kwa dakika ishirini na sita. Kaka yake mkubwa, kwa mapenzi mema kabisa, alimtumia raba mpya zilizong'aa kama sahani, naye akazivaa siku hiyohiyo ya mbio. Mzunguko wa nane visigino vikachunika. Mzunguko wa kumi akawa anakimbia kama anayekanyaga makaa. Alimaliza, maana yule si mtu wa kukaa chini, lakini alichelewa sekunde arobaini. Akarudi nyumbani peku, viatu vimening'inia shingoni.

Jeshi halikupokea mtu aliyetimiza miaka ishirini na mitano, na Kitinda angeitimiza kabla ya usajili wa mwaka unaofuata. Kwa hiyo ilikuwa Alhamisi hii, au basi.

Fundi hakuwa amesema nenda wala hakuwa amesema baki. Mwaka mzima alikuwa kimya. Alikuwa anangoja kuona kama mtoto atachoka. Kila siku saa kumi na moja alfajiri alisikia komeo la mlango likivutwa, kisha vishindo vya raba vikipotea njiani. Mvua ikinyesha, vishindo. Ana mafua, vishindo na kikohozi. Mwezi wa tisa wa mazoezi fundi aliacha kungoja. Lakini hakumwambia. Alidhani mtu akiishi nawe nyumba moja anajua.

Aliyekuwa akimfundisha mbio ni mjomba wake, mdogo wa mama yake, mwanajeshi wa zamani mwenye mguu mmoja. Wa kulia ulibaki vitani, chini ya goti. Kila asubuhi alikaa juu ya jiwe kando ya kiwanja cha shule, magongo yamelala mapajani, filimbi mdomoni, akihesabu muda kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

"Wewe!" alikuwa akipiga kelele. "Unakimbia au umedondosha sindano unaitafuta?"

"Nakimbia, mjomba!"

"Basi ongeza! Mimi na gongo ningeshakupita!"

Na hapo ndipo linapoingia lile gunia. Viatu huuzwa viwili viwili. Mjomba kila alipopata viatu, alivaa cha kushoto, na cha kulia akamletea shemeji yake kibandani. "Zika hiki," alikuwa akisema. Fundi hakuzika. Alikitumbukiza guniani. Mjomba akalichungulia na kucheka: "Sawa, tunza. Siku ya kufufuliwa nikipewa miguu yote miwili nakuja kudai." Gunia zima la viatu vya kulia ambavyo havijawahi kukanyaga chini.

*

Jumanne asubuhi fundi alikuwa ameshika kisu, anabandua soli ya zamani, alipoona kivuli mlangoni. Alikuwa mke wake.

Mama Kitinda hakuwa na kawaida ya kufika kibandani. Alifanya kazi hospitalini, kwenye chumba cha kufulia, na zamu yake ilianza alfajiri. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji na dawa, na alinukia sabuni hata siku za mapumziko. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama raba.

"Ni zenyewe?"

"Ndizo."

"Baba Kitinda, nimetoroka kazini dakika kumi. Nisikilize, usinikatize."

Fundi aliweka kisu chini.

"Wewe husema gundi isipoachwa ikakauka kwanza, kiatu kinadanganya. Kinashika asubuhi, kikipata moto kinaachia. Au nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi bandika ikiwa mbichi." Alisema akitazama chini, kama anayeongea na kile kisu. "Itashika mizunguko mitatu minne. Soli itaachia. Hataumia, atasimama tu. Atalia wiki moja, mbili. Kisha atatafuta kazi nyingine kama watoto wa wenzetu."

Nje mtu alipita na mkokoteni uliokuwa ukilia magurudumu. Wote wawili walingoja upite.

"Nimefua mashuka ya ndugu yangu mimi," alisema mke wake. "Alipoletwa. Msimamizi aliniambia, dada, haya waachie wenzako. Nikasema hapana, ni ya kwetu. Maji yalitoka mekundu mara nne, Baba Kitinda. Mara ya tano ndiyo yalitakata. Sitaki kufua ya mwanangu."

Fundi viatu si mtu wa maneno. Wateja walimwita Msumari, wengine kwa kazi yake, wengine kwa ulimi wake. Mtu mwingine angembembeleza mkewe. Yeye alitafuta la kusema, akalisema kama lilivyo.

"Hakuna kiatu kitakachotoka hapa kikafunguke njiani. Cha adui yangu hakifunguki, sembuse cha mwanangu. Ukitaka abaki, mwambie abaki. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Usinitumie mimi na gundi."

"Nimemwambia!"

"Humwambii. Unanuna. Unagonga sufuria. Huko si kumwambia."

Mke wake alisimama. Macho yalikuwa yamejaa machozi lakini hakulia, alivuta pumzi puani kama anayenusa nguo kama imetakata. "Moyo wako na huo mguu wa chuma ni kitu kimoja," alisema, akaenda zake.

Fundi alibaki na hasira, na hasira hiyo ilimwingia mikononi. Haifunguki, alikuwa akijiambia. Haifunguki hata ipite motoni. Akatupa soli za zamani, zilikuwa zimekufa. Akachukua kipande cha tairi la lori, kile kizito alichokuwa akikitumia kwa viatu vya wachimba mawe. Akakata mbili, akapaka gundi pande zote, akangoja. Alijaribu kwa mgongo wa kidole, kama kawaida yake, mpaka gundi ikaacha kunata. Akabandika, akagonga, akashona kwa uzi maradufu kuzunguka kila kiatu, mshono karibu na mshono. Akavuta kwa koleo, havikutikisika. Alifanya kazi mchana kutwa bila kunyanyua kichwa, na alipomaliza aliviweka rafuni akavitazama kwa kuridhika. Viatu vya miaka kumi.

*

Jumatano asubuhi Kitinda alipita kuvichukua. Mjomba alikuwa naye, anapiga magongo nyuma yake.

"Hiyo ndiyo kazi!" alisema mjomba kabla hajaona vizuri. Kisha akaona vizuri.

Kitinda alivaa, akafunga kamba. Akapiga hatua mbili mbele ya kibanda, akaruka juu kidogo. Alipotua, kishindo kilimfanya karani aliyekuwa akifungua dirisha la posta ageuke. Akakimbia hadi kwenye kona na kurudi. Ko, ko, ko, ko, kama punda kwenye lami. Aliposimama alikuwa anatazama miguu yake, halafu akamtazama baba yake, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba, hizi haziwezi kukimbia."

"Hazifunguki hizo."

"Hazikunjiki! Kila kimoja ni kilo nzima!" Kisha kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele: "Mama alikuja hapa jana."

Fundi aliinua kichwa.

"Mwenye kibanda cha vocha ameniambia. Alisema mama'ko alitoka hapa amefura. Nikasema hapana, baba hawezi. Baba hajasema kitu mwaka mzima, lakini hilo hawezi." Alikuwa akifungua kamba. "Kama hutaki niende si ungesema tu? Ningekusikiliza. Ningekwenda vilevile, lakini ningekusikiliza."

Alivivua akaviweka juu ya ubao wa kazi, sawasawa, kimoja kando ya kingine, kama anayevirudisha kwa mwenye duka.

Sasa mjue jambo moja. Fundi huyu alikuwa amekosa, na alilijua kosa lake palepale kiatu kilipogonga lami. Mtoto wa mwaka mmoja kwenye ufundi anajua kwamba tairi la lori ni la mtu anayesimama, si la mtu anayekimbia. Alijenga kiatu cha kumjibu mke wake. Mguu wa binti yake hakuufikiria hata kidogo. Mtu mwenye maneno angejitetea. Yeye ulimi ulimganda, na kadiri ulivyoganda ndivyo alivyozidi kuonekana mwenye hatia.

"Shemeji," alisema mjomba, "sema kitu. Mtoto anakutazama."

"Nimekosea," alisema fundi.

Neno hilo halikuwahi kusikika ndani ya kibanda kile. Hata yeye lilimshangaza.

"Mama'ko alitaka nibandike vibaya. Nikakataa. Nikakasirika, nikaweka tairi ili visifunguke hata iweje. Kichwa changu kilikuwa kwenye gundi, hakikuwa kwenye mbio." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Nimekusikia ukitoka kila alfajiri. Zote. Hata ile siku ya mvua ya mawe. Nataka upite. Nilidhani unajua."

"Nitajuaje, baba? Wewe husemi!"

"Sasa nimesema."

Kitinda alikaa kwenye kiti cha wateja. Alicheka na kujifuta pua wakati mmoja. "Sasa tunafanyaje? Mbio ni kesho."

Fundi alitazama saa yake. Saa mbili na robo. Gundi ilihitaji siku nzima ikiwa imebanwa ndipo iaminike. Saa tatu akibandika, hadi kesho saa moja asubuhi ni saa ishirini na mbili. Ilikuwa karibu ya kutosha, na mshono ungejazia. Lakini soli? Raba mpya za dukani hakuna aliyezitaja, kila mmoja alivikumbuka visigino vya mwaka jana. Ngozi ya juu ilikuwa hii hii, iliyokwisha kuujua mguu wake. Ilichokosa ni soli nyepesi ya mbio, na kwenye rafu alikuwa na tairi, na ngozi ngumu, na visigino vya kina mama.

Macho yake yakaenda kwenye msumari. Akateremsha gunia, akalimwaga. Viatu vya kulia vikatawanyika sakafuni, vya ngozi, vya turubai, buti moja, na katikati yao raba ya bluu, nyepesi kama sifongo, soli yake nyeupe haina hata alama ya vumbi.

"Hii ilikuja lini?"

"Mwezi wa pili," alisema mjomba. "Ya kukimbilia hasa hiyo. Mwenzangu wa kikosini aliniletea. Mjinga yule, kumletea mimi raba ya mbio."

Fundi alipima soli kwenye mguu wa Kitinda. Nyumbani walikuwa na utani wa siku nyingi kwamba binti huyu miguu yake kaichukua kwa mjomba, mikubwa kama makasia. Soli ilizidi kwa upana wa kidole tu. Ingekatwa.

"Kulia tunacho," alisema fundi. "Kushoto?"

Wote watatu walitazama chini. Mjomba alikuwa amekivaa.

Aliegemea mlango, akampa Kitinda magongo yote mawili, akainama, akavuta kamba. Akavua raba na soksi vilevile, akaitupa juu ya ubao wa kazi.

"Ng'oa."

"Mjomba, utarudije nyumbani?"

"Nina unyayo mmoja tu wa kuumia, wenzangu mna mbili. Ng'oa, shemeji, usinitazame. Huo mguu mwingine umekaa guniani bure miaka yote, na uende basi ukafanye kazi."

Fundi akaanza.

Kubandua soli ya tairi aliyoishona yeye mwenyewe kulimtoa jasho. Alikata mshono mmoja mmoja, uzi maradufu, akijilaani kwa umahiri wake. Kitinda alimshikia taa ya simu. Halafu alizibandua soli za zile raba za bluu kwa maji ya moto na kisu chembamba, polepole, zisichanike. Alipoziweka kando kwa kando likajitokeza tatizo. Ya kushoto ilikuwa imetembea miezi, imelika, imekuwa nyembamba. Ya kulia ilikuwa mpya. Mtu angekimbia nazo kama kwamba upande mmoja wa barabara umeinuka.

"Nipe msasa," alisema.

Akaanza kuikwangua ya kulia. Alikwangua kidogo, akapima kwa vidole, akakwangua tena. Vumbi jeupe lilimjaa nyusi. Mjomba alikaa akitazama soli ambayo haijawahi kukanyaga ikizeeshwa kwa mkono miezi sita ndani ya nusu saa, mpaka ikalingana na mwenzake.

"Sasa ndiyo imetembea," alisema mjomba, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutania.

Fundi alipaka gundi, akangoja. Kidole. Bado. Kidole. Bado. Hakuna aliyemharakisha, ubao ulikuwa palepale mlangoni. Kidole kilipotoka kikavu alibandika, akagonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda pembeni, akafunga kwa mipira ya baiskeli mpaka raba zikafanana na vifurushi. Mshono angeuweka jioni.

*

Mama Kitinda alirudi nyumbani saa kumi na mbili kasoro, akamkuta ndugu yake amekaa barazani, mguu peku juu ya kibao, anachomoa mwiba kwa pini.

"Kiatu chako kiko wapi?"

"Kipo kibandani, soli yake imeshonwa kwenye raba za mtoto."

Alisimama na mkoba begani. Fundi alikuwa akisikiliza kutoka ndani. Alikuwa amefika muda si mrefu, raba zikiwa kwenye begi, na Kitinda alikuwa karibu naye akipanga vyeti kwenye bahasha. Kisha mama akaingia.

"Wewe," alimwambia bintiye. "Kaa hapo."

"Nimekaa, mama."

"Baba'ko kasema sijakwambia. Haya, nakwambia. Sitaki uende. Naogopa. Usiku nikifumba macho naona mashuka. Nimemwomba baba'ko aharibu viatu vyako, na nikipata nafasi sijui kama nisingemwomba tena. Basi. Nimesema."

Kitinda aliacha bahasha. "Asante, mama."

"Asante ya nini?"

"Ya kusema." Alifikiri kidogo. "Mjomba alipoumia alibebwa mgongoni kwa saa tatu. Au si kweli, mjomba?"

"Tatu na ushei," ilisema sauti ya barazani. "Na alinitukana njia nzima eti ni mzito."

"Yule aliyembeba naye alikuwa na mama, na huyo mama naye hakutaka aende. Nina hakika. Mimi nimekuwa nikimfikiria huyo tangu nilipokuwa darasa la sita. Simfikirii mjomba, mama. Namfikiria yule aliyembeba."

Mama alimtazama mumewe, kisha akatazama lile begi la raba.

"Hizo raba zina soksi?" aliuliza mwishowe.

"Zile za kijivu."

"Zile mbovu, zina mshono kwenye kidole, zitakuchubua." Akaingia chumbani. Akarudi na soksi nyeupe za pamba, zilizofuliwa mara nyingi mpaka zikawa laini kama ngozi ya mtoto. "Hizi. Na usinishukuru, bado naogopa."

*

Alhamisi asubuhi walikuwapo watu wengi nje ya uzio wa uwanja, wazazi, wadogo, wachumba, wachuuzi wa maji. Fundi alishika waya za uzio kwa mikono miwili. Mjomba alikuwa kushoto kwake, ndala moja mguuni, filimbi imefungiwa mfukoni kwa sababu askari wa lango alikwisha kumwonya. Mama hakuja. Zamu yake ilianza alfajiri, na alisema hawezi kutazama.

Wasichana walikuwa thelathini na wawili. Filimbi ikalia wakaondoka pamoja kama kundi la njiwa.

Mjomba alishika simu akihesabu. "Mzunguko wa nne, yuko vizuri. Mbona hutazami saa?"

Fundi hakuwa anatazama saa. Alikuwa anatazama soli. Kila Kitinda alipopita mbele ya uzio, macho ya fundi yalikuwa chini, kwenye ule weupe uliokuwa ukipanda na kushuka. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Alikuwa anatafuta mdomo uanze kufunguka. Haukufunguka.

Mzunguko wa nane, pale visigino vilipochunika mwaka jana, Kitinda alipita na kumtazama baba yake. Fundi alitaka kupiga kelele kama wazazi wengine. Akafungua kinywa, akasikia sauti yake mwenyewe kama ya mgeni:

"Vinashika! Kimbia! Vinashika!"

"Eee!" alisema mjomba. "Msumari umeota ulimi!"

Mzunguko wa kumi wasichana wawili walikaa chini kando ya njia. Wa kumi na moja Kitinda alikuwa amepauka midomo, mabega yamepanda, mjomba akauma gongo lake. "Shusha mabega, shusha mabega," alikuwa akinong'ona, ingawa hakuna wa kumsikia. Akashusha. Ile nusu ya mwisho aliikimbia macho mbele, mdomo wazi, na alipovuka mstari aliendelea hatua kumi zaidi kama aliyesahau namna ya kusimama.

"Ishirini na tano na sekunde kumi na nane," alisema mjomba. Akaitazama simu tena. Kisha akageuka upande, akawa anashughulika sana na gongo lake, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Majina yalisomwa saa tano. La Kitinda lilikuwa la sita.

Alipotoka langoni alikuwa na karatasi mkononi, orodha ya vitu vya kwenda navyo mafunzoni, siku kumi na nne kuanzia leo. Alimpa baba yake. Fundi aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, kama alivyosoma kila kitu. Kwenye mstari wa tatu akasimama.

"Buti nyeusi, jozi moja. Wanataka uende nazo?"

"Ndiyo, baba."

"Siku kumi na nne." Alihesabu kichwani. "Utazivaa kuanzia kesho. Nyumbani, sokoni, kila mahali, hata ukiwa unapika. Siku ya kuondoka ziwe zimekwisha kukujua. Nisisikie habari ya visigino."

"Sawa, baba."

"Sasa vua hizo."

"Raba?"

"Vua. Mjomba'ko hana kiatu."

Kitinda akacheka, akakaa chini kwenye majani, akafungua kamba. Mjomba alikataa, akasema zikae, ni za mtoto sasa, yeye ataletewa nyingine na yule mjinga wa kikosini. Wakabishana hapo mpaka askari wa lango akawaomba wasizibe njia.

Wakati huo fundi alikwishaondoka. Alikuwa anakwenda hospitalini, upande wa nyuma, kwenye dirisha la chumba cha kufulia, kumwambia mkewe. Njiani alikuwa akipanga maneno, na safari hii aliyapanga yote, tangu la kwanza mpaka la mwisho, asije akafika akanyamaza.